Nyumba Yetu ya Kunong'ona

Nina sauti ndogo. Shuleni, asubuhi, tulipopiga makofi na kuimba mbele ya bendera, mimi nilikuwa nachezesha midomo tu, na hakuna aliyegundua. Mwalimu akiniuliza swali nilijibu, naye alisema, "Simama useme," na mimi nilikuwa nimesimama tayari.

Watu walidhani nimezaliwa hivyo. Mimi nadhani ni nyumba. Baba alitumika kwa kampani, kwenye mashine za kusaga mawe ya shaba, na mashine zile hazizimwi. Wafanyakazi wanapokezana kwa zamu ambazo sisi tunaziita poste: wiki ya asubuhi, wiki ya mchana, wiki ya usiku. Katika wiki ya usiku baba alirudi wakati sisi tunatoka kwenda shule. Alikula bukari yake, ugali wa kwetu, akalala mpaka jua likakaribia kushuka, na muda wote ule nyumba haikuruhusiwa kutoa sauti. Mtoto yeyote wa camp ya wafanyakazi Lubumbashi anayajua haya. Kifuniko cha sufuria unakilaza juu ya kitambaa. Mtoto mchanga akilia, anabebwa mbio kwa jirani ambaye bwana yake yuko poste ya asubuhi. Mama alikuwa bingwa wa mambo hayo. Aliweza kutugombeza sana bila kufungua kinywa, kidole tu mdomoni na macho. Kaka zangu wawili walitoroka, wakaenda kupiga kelele zao uwanjani. Mimi, kitinda mimba na msichana, nilibaki ndani. Nilijifunza kunong'ona kabla ya kujifunza kusema vizuri.

Baba akiamka, alitoka na kikombe chake cha chai nyuma ya nyumba, akakaa juu ya kasha la mbao, mimi nikakaa chini karibu na goti lake. Hapo nilimwambia kila kitu, kwa sauti ile ile niliyofundishwa na nyumba: nani kapigwa shuleni, kuku wa nani kapotea, ndoto niliyoota, na neno la Kifaransa nililolipenda siku ile. Alisikia yote. Mama mwenyewe alishangaa.

"Huyu mutoto unamusikia namna gani? Mimi niko karibu, sisikie kitu."

"Kule mu usine, kwa mashine, tunasema na mikono," baba alimjibu. "Nikifika hapa, masikio yangu iko na njaa ya kitu kidogo."

Hakuna mtu aliyewahi kunisikiliza hivyo, na ninapoandika haya, mbali na kasha lile, bado sijampata mwingine.

Sijui ilianza lini hasa. Kwanza aligeuza kichwa nilipokuwa nasema, akaleta sikio la kulia karibu. Kisha akaanza kusema "Ee?" Halafu jioni moja, tukiwa mezani, aliweka kijiko chini, akatutazama mmoja mmoja.

"Munasikia?"

"Nini, baba?"

"Ile filimbi."

Hakukuwa na filimbi. Akasema iko, ni kama filimbi nyembamba, saa nyingine kama nyenje wa wakati wa joto, nayo hainyamazi, kazini inafichwa na mashine lakini nyumbani inatoka. Mama aliuliza ni sikio gani. Kwao, la kulia likilia kuna mtu anakusema vizuri, la kushoto anakusema vibaya.

"Yote mbili," baba akasema.

"Basi bantu bote banakusema. Unakuwa mukubwa wa serkali!"

Tulicheka, naye alicheka pia. Jirani yetu, ambaye alikuwa naye katika poste moja, aliposikia habari alikuja kumtania mlangoni: "Mukubwa, Mungu anakupenda! Anakupatia radio yenye haikule mapile, betri zake haziishe!" Mwanzo ilikuwa hivyo, mchezo. Lakini wiki zilipita, radio ile haikuzimika, na baba akaacha kucheka.

Alikwenda dispansere. Muuguzi alimsukumia maji ya uvuguvugu masikioni kwa bomba kubwa, uchafu ukatoka, akamwambia, kwa jina tuliloitana raia wote wakati ule, "Sitwayeni, umepona." Jioni ile baba alirudi na furaha. Asubuhi filimbi ilikuwa pale pale. Mama wa jirani alileta mafuta yaliyopashwa moto na kitunguu saumu. Mtu mwingine alileta majani. Kichwa kikimuuma kwa ajili ya kukosa usingizi, baba alikunywa aspirini, na maumivu yakirudi alikunywa nyingine, mpaka mama alikuwa anazinunua sokoni Kampemba kama mtu anavyonunua karanga.

Ndipo mama alipoamua. Bwana yake ana ugonjwa wa kelele, basi dawa ya kelele inajulikana, tena yeye ndiye fundi wake. Kuanzia siku ile tuliishi kila siku kama wiki ya usiku, hata baba akiwa poste ya asubuhi, hata Jumapili. Radio yetu ilihamia kwa jirani. Kinu cha kutwangia sombe kilipelekwa nyumba ya tatu, mama akawa anabeba majani ya muhogo kwenda na kurudi. Jogoo tulimla. Kaka yangu mkubwa, aliyekuwa na tabia ya kupiga mluzi akioga, alifukuzwa awe anaoga baba akiwa kazini. Majirani walielewa bila kuelezwa, kwa kuwa ndivyo tunavyoheshimiana kule: mtu akipumzika, mtaa mzima unapumzika naye. Watoto wakipita mbele ya mlango wetu walitembea kwa vidole.

Nyumba ikawa kimya, na baba akazidi kuwa mbaya. Mezani zilisikika sahani tu. Alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri habari mbaya, kisha anasimama ghafla na kutoka nje, chakula bado kiko nusu. Mama akafikiri bado kuna kelele mahali, akaitafuta. Alipaka mafuta bawaba za mlango. Siku moja ya mvua kubwa, ile mvua inayopiga manjanja, mabati ya paa, mpaka huwezi kusikia mawazo yako, baba alilala mchana kutwa kama mtoto. Mama alisimama karibu ya kitanda akimhurumia: "Maskini, na haya makelele yote." Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri zaidi ya hapo.

Wakati huohuo mimi nilikuwa na neno langu. Mwaka ule nilikuwa namaliza cycle d'orientation, miaka miwili ya kwanza ya sekondari, na kila mwanafunzi alitakiwa kuchagua section, yaani mchepuo, atakayoendelea nayo. Nilitaka ualimu. Si hapa mjini; nilitaka shule ya masista kule Kilwa, ng'ambo ya barabara mbaya zote, kando ya ziwa Mweru, ambako mama mkubwa, dada wa mama, anakausha samaki. Kuna internat, wanafunzi wanalala pale pale. Sijui nieleze vipi mtu kama mimi kutaka kusimama mbele ya darasa. Nilikuwa nimemfundisha mtoto wa jirani kusoma, chini ya dirisha letu, kwa kunong'ona, na siku aliyosoma mstari wake wa kwanza nilihisi kitu kifuani ambacho sijahisi tena mahali pengine.

Nilijaribu kumwambia kaka mkubwa kwanza.

"Weye? Mwalimu?" Alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha akakumbuka sheria ya nyumba, akacheka ndani ya shati lake. "Batoto bote batakaa mu magoti yako juu ya kusikia?"

Mama alisema Kilwa ni mbali, lori linaweza kulala njiani siku nyingi wakati wa mvua, na msichana mwenye haya ataliwa na wenzake. "Kama baba yako anakubali, sawa. Mimi siwezi kusema."

Kwa hiyo ilibaki kwa baba. Na baba ndiye mtu wa pekee ambaye ningeweza kumwambia neno hilo lote, pamoja na sababu zake. Lakini nilipokaa karibu na goti lake na kuanza, alisema, "Ee? Sema, mama." Ananiita mama kwa kuwa nina jina la mama yake. Nikirudia vilevile, hakusikia. Nikiongeza sauti, mama alitokea kwenye pembe ya nyumba, kidole mdomoni. Sauti ndogo haikufika, sauti kubwa ilikatazwa, na muda wa kuchagua ulikuwa unakwisha.

Baada ya muda baba alichoka kuuliza "Ee?" Akaanza kuitikia tu. Nilimsimulia mambo ya shule, akasema, "Eyo, mama." Nikamsimulia kuku, "Eyo, mama." Basi jioni moja nikasema, kwa sauti yangu ya siku zote, nikiangalia mikono yangu:

"Baba, nataka kuenda Kilwa, kusoma ualimu."

"Eyo, mama. Muzuri."

Nikainua macho. Alikuwa anatabasamu, lakini ni lile tabasamu unalompa mgeni anayezungumza lugha usiyoijua. Ningeweza kukimbia ndani na kumwambia mama, baba amekubali. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwake. Sikulichukua. Nilikaa pale, bega langu karibu na goti lake, na nilimtamani baba kama mtu anayemtamani aliyesafiri.

Kampani ilimpa karatasi ya kwenda hospitali kubwa, kwa daktari wa masikio. Siku hiyo mama angekuwa sokoni na kaka zangu kazini, ikaamuliwa niende mimi, kwa kuwa nasoma na Kifaransa nakijua. Usiku ule sikulala vizuri kwa woga.

Daktari alikuwa mtu wa Kasai, mpole, mwenye miwani. Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya tu. Alimtazama baba ndani ya masikio kwa taa ndogo. Alipiga kipande cha chuma chenye vidole viwili, akakisimamisha nyuma ya sikio, kisha mbele, akimuuliza wapi anasikia. Alimvalisha vifaa vya kusikilizia, akamwambia ainue mkono kila akisikia sauti. Nilikuwa nimesimama karibu na ukuta. Sauti zile nilizisikia kutoka nilipo, na mkono wa baba ulibaki juu ya paja. Alikuwa anatazama mbele kwa bidii, kama mwanafunzi mzuri, na mkono haukuinuka.

Kisha daktari akaketi, akaanza kusema Kifaransa, akanielekeza kwa mkono: mwambie.

Nikamwambia. Baba akasema, "Ee?"

"Plus fort, ma fille," daktari akasema. Kwa nguvu zaidi. Nikaongeza kidogo. "Ee?" Mlango ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na benchi refu la watu wanaosubiri, wote wamenyamaza kama watu wa hospitali wanavyonyamaza. Daktari alinitazama, hakukasirika, alisubiri tu.

Maneno yenyewe yalikuwa haya: masikio yamechoka kwa kelele za miaka mingi, na sehemu yao ya ndani iliyokufa haifufuki. Kichwa kinatafuta sauti zilizokuwa zinafika, hakizipati, basi kinajitengenezea yake. Hakuna kidonge cha kuiondoa. Pengine haitaisha.

Nikajaza kifua. "Baba! Anasema pengine haitaisha!"

Sauti ilitoka, ikagonga ukuta, ikarudi. Kwenye benchi mtu mmoja alisema, "Ee Mungu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupaza sauti mbele ya baba, na hayo ndiyo yaliyotoka. Baba alisikia. Nilijua amesikia kwa namna alivyoangalia kofia yake mikononi.

"Muulize," akasema polepole, "kama nitakuwa wazimu."

Nikauliza. Daktari akatikisa kichwa sana, akasogeza kiti karibu. Hapana. Haitamtia wazimu wala haitamuua. Kisha akauliza swali la ajabu: wiki ya kwanza kabisa kazini, kelele za mashine zilikuwaje?

Baba alipoelewa swali, alicheka kidogo. "Nilitaka kukimbia. Nililia sawa mutoto. Nyuma yake…" Akafikiri. "Nyuma yake sikuzisikia tena. Nilikuwa nashituka saa mashine moja inaharibika, inasimama."

"Njo vile," ndivyo hasa, daktari akasema kwa Kiswahili chake, akafurahi. Akaendelea kwa Kifaransa, nami nikapaza. Na hii filimbi itakuwa hivyo, siyo kesho, pengine mwaka, pengine zaidi. Itakuwepo, lakini itasogea nyuma, kama mtu anayekaa chumba kingine. Aspirini aache, zikizidi zinaichochea. Kazini azibe masikio ili yaliyobaki yasife. Alale saa zilizopangwa. Watu waseme naye uso kwa uso, upande wa kulia, taratibu. Halafu akauliza nyumbani kwetu kukoje, kuna kelele?

Baba akajibu kwa majivuno kabisa. "Docta, nyumba yangu iko kimya kushinda kanisa. Bibi yangu alifunga kila kitu. Hata jogoo."

Nilitafsiri hata jogoo. Daktari alivua miwani, akajifuta macho, na sikujua kama anacheka. Akasema ndiyo maana. Penye kimya, ile filimbi iko peke yake, hivyo anaisikiliza yenyewe tu. Tufungue madirisha. Radio iseme chinichini. Watu wapike, waongee. Asiachwe peke yake nayo. Hapo mimi na baba tulikumbuka ile mvua iliyomlaza, kwa wakati mmoja. Alinigeukia akaonyesha juu, kwenye dari ya hospitali, na vidole vyake vikafanya matone.

Nyumbani mama hakupenda. Alikaa chini, mikono mapajani.

"Mwaka muzima nakataza batoto kucheka. Sasa mwenye kuvaa miwani anasema njo mimi namuzidishia?"

"Hakusema ni weye, mama," nikasema. "Anasema kimya."

"Na kimya ilitoka wapi? Ilianguka toka juu?" Akanitazama tena, akashangaa. "Na weye, juu ya nini unapiga kelele?"

Sikuwa nimejua kwamba sauti yangu haijashuka tangu hospitali.

Alinuna mpaka kesho yake. Kisha alikwenda nyumba ya tatu, akarudi na kinu kichwani, akakisimika nyuma ya nyumba, mita chache kutoka kwenye kasha la baba, akatwanga sombe kwa hasira yote ya mwaka ule. Pu, pu, pu. Baba alikaa pale na chai yake. Majirani walitoka kuangalia. Yule jirani wa poste moja na baba akapaza sauti juu ya ukuta wa majani: "Mama, unatwanga majani ao unatwanga bwana?" Mama akajibu, "Ngojea, nakuya kutwanga na weye!" Na nikaona mabega ya baba yanashuka, kidogo kidogo, kama mtu anayetuliwa mzigo.

Nilikwenda kukaa upande wake wa kulia, si chini tena, juu ya ndoo iliyogeuzwa, ili anione mdomo. Mama alikuwa anatwanga. Nikasema kwa sauti ambayo hata mama aliisikia, hata ukuta wa majani:

"Baba, nataka kuenda Kilwa. Kusoma ualimu kwa masista. Nataka kufundisha batoto kusoma."

Mchi ulisimama hewani.

Baba aliniangalia. Hakutabasamu, na nilishukuru kwamba hakutabasamu. "Kilwa iko mbali, mama," akasema. "Sasa naanza tu kukusikia."

Nilitaka Kilwa, na nilitaka ndoo ile, na sauti ya kinu, na yeye akinitazama mdomo. Akashika kichwa changu kwa mkono wake mzito.

"Utaenda. Muntu mwenye alisema mambo yangu mbele ya hospitali muzima atashindwa namna gani na batoto?"

Nikaenda. Ziwa lina kelele usiku kucha, na wiki za kwanza nilifikiri ningempa baba nusu yake. Wenzangu hawakunila. Tulifundishwa kusimama nyuma ya chumba na kusema mpaka maneno yafike ubaoni, na mimi niliyekuwa nachezesha midomo nikawa nasikika mpaka jikoni kwa masista. Nilifurahi. Nilijua namfanyia nani mazoezi.

Likizo kubwa, wakati wa baridi na vumbi, lori lilinirudisha. Nilimkuta baba nyuma ya nyumba, radio ikinong'ona dirishani. Tulizungumza mpaka chai ikapoa. Alisikia karibu yote. Nikamuuliza, "Baba, inalia bado?"

Akainamisha kichwa, akasikiliza. "Iko," akasema. "Tangu asubuhi nilikuwa nimeisahau." Nikatamani nisingeuliza.

Kisha akaniangalia kwa namna ya aibu, ambayo si yake.

"Sauti hii ya Kilwa iko muzuri. Ya shefu wa poste kabisa. Lakini ile ingine, ya zamani." Akaleta sikio la kulia karibu yangu. "Nisemeshe nayo kidogo."

Mama hakuwa akitwanga. Alinyoosha mkono dirishani akapunguza radio bila kuambiwa. Nikainama, nikamwambia kitu kidogo, kwa sauti niliyokuwa nayo nilipokuwa mtoto. Sitaandika ni nini. Aligeuka kuangalia midomo yangu, amechelewa, nilikuwa nimemaliza. Akaitikia kwa kichwa polepole, mara nyingi, kama mtu aliyesikia.

Sijui kama kweli alisikia. Alikaa hivyo, karibu, na mimi sikusogea.